Ile Video ya Mama Anayepasuliwa Akiwa Macho

Miezi miwili iliyopita anti yangu alituma video kwa kundi la familia la WhatsApp. Mnajua ile aina ya video imeforwadiwa mpaka picha imeanza kuchakaa. Mwanamke Mchina amelala kwenye meza ya upasuaji, shingo imefunguliwa, madaktari wako kazini, na yeye yuko macho. Anatabasamu. Kuna mtu anamlisha kipande cha chungwa. Mkononi ana sindano mbili nyembamba kama nywele, na basi. Chini anti akaandika: "Dada, si unaona? Wenzetu hawapigwi hata nusukaputi."

Huyo "dada" ni mathe. Na mathe ana goita.

Alikuwa ameambiwa itolewe kabla haijabana koo zaidi, na kwa miezi minne alikuwa akipiga chenga. Kisu hakimtishi. Kinachomtisha ni kulala. Kuna mtu wa kwao alilazwa nusukaputi miaka mingi iliyopita na hakuamka, na hiyo ndiyo picha iko kwa kichwa chake kila daktari akitaja tarehe. Sasa hebu fikiria mtu kama huyo akiona hiyo video. Jioni hiyo hiyo aliniita jikoni akaniambia, "Wewe si unajua mambo ya mtandao? Nitafutie hao wa sindano."

Nikaanza kuchimba. Kusema kweli nilitaka jibu la haraka: ni uongo, mathe, twende hospitali. Lakini stori ilikuwa tofauti na vile nilidhani, na ndio maana naiandika hapa, kwa sababu najua si mamangu peke yake ametumiwa hiyo klipu.

Shosho wangu ni mzee kuliko hii "tiba ya kale"

Kitu cha kwanza. Sindano za Kichina zenyewe, akupancha, ni za kale kweli, zaidi ya miaka 2000. Lakini kuzitumia kumpasua mtu? Hiyo ilianza 1958. Shosho wangu alikuwa tayari amezaliwa na anachunga mbuzi.

Wachina wa kale hawakuwa wanapasua watu kwa sindano. Tena kumbukumbu zao zinamtaja tabibu mmoja maarufu, Hua Tuo, wa karne ya pili, ambaye inasemwa alikuwa akiwanywesha wagonjwa dawa ya mitishamba na pombe ndio wapoteze fahamu kabla hajawakata. Yaani hata yeye alitafuta dawa.

Mwaka wa 1958 China ilikuwa kwa ile kampeni ya Mao ya Hatua Kubwa Mbele. Kila kiwanda, kila shamba, kila hospitali ilitakiwa ije na maajabu. Mao mwenyewe mwaka huo alisema tiba ya Kichina ni hazina kubwa ambayo inafaa kuchimbuliwa. Katika hospitali moja ya Shanghai, First People's Hospital, madaktari walikuwa wanatumia sindano kupunguza uchungu wa wagonjwa waliotolewa tonsili. Wakajiuliza: kama inasaidia baadaye, mbona tusijaribu kabla? Mwisho wa Agosti 1958 wakamtoa mgonjwa tonsili kwa sindano mikononi. Ikafaulu. Baada ya hapo hospitali zingine zikaingia mbio: meno, shingo, mapafu, upasuaji wa kuzalisha.

Halafu 1966 Mapinduzi ya Utamaduni yakaanza, na sindano ikawa zaidi ya tiba. Ikawa ushahidi kwamba China haihitaji Wazungu wala dawa zao. Julai 1971 shirika la habari la serikali, Xinhua, likatangazia ulimwengu kwamba wagonjwa zaidi ya 400,000 walikuwa wameshapasuliwa hivyo.

Mwandishi na kidole tumbo chake

Mwezi huo huo wa Julai 1971, James Reston, mwandishi mkubwa wa New York Times, alikuwa Beijing. Akashikwa na kidole tumbo. Akapelekwa hospitali iliyokuwa inaitwa Anti-Imperialist Hospital (jina tu linakuambia enzi hizo zilikuwaje), akapasuliwa, akapona, akaandika makala iliyosomwa kote Marekani.

Mpaka leo utasikia watu wakisema Reston alipasuliwa kwa sindano bila dawa. Si kweli, na ni yeye mwenyewe aliandika. Alidungwa dawa ya ganzi ya kawaida kama ambavyo angedungwa New York. Sindano za Kichina zilikuja usiku wa pili baada ya upasuaji, wakati tumbo lilikuwa linamsumbua. Akawekwa tatu, kwenye kiwiko na chini ya magoti, kwa kama dakika 20, pamoja na moshi wa mitishamba karibu na tumbo. Akasikia nafuu. Hiyo tu.

Lakini stori ilivyokuwa ikitembea kutoka mdomo hadi mdomo, "walinipa sindano baadaye" ikageuka "walinipasua kwa sindano". Hii ilikuwa 1971, bila intaneti, bila simu. Kwa hivyo tusidhani kuforwadi uongo kulianza na sisi.

Februari 1972 Rais Nixon akaenda China, na watu wa msafara wake wakaonyeshwa upasuaji kama huo. Baada ya hapo madaktari wa Magharibi wakaanza kumiminika kuona kwa macho yao. Hapo ndipo sayansi ya kweli ikaanza kusonga, na hapa ndipo mimi nilishangaa.

Sindano inafanya nini kwa neva

Nilidhani nitakuta hakuna kitu. Nikakuta kitu.

Shika ile nyama kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Wachina wanapaita Hegu. Sindano ikiingia hapo, ikifika kwenye msuli na kuzungushwa, mtu anasikia uzito na ganzi fulani. Watafiti wa China walijaribu kitu rahisi: walidunga dawa ya ganzi kwenye huo msuli kwanza, halafu wakaweka sindano. Haikufanya kazi. Hiyo inamaanisha habari inabebwa na neva. Ukikata simu, ujumbe haufiki.

Ujumbe unapofika kwenye uti wa mgongo, unakutana na ujumbe wa uchungu uliotoka kwingine. Mwaka wa 1965 wanasayansi wawili, Melzack na Wall, walieleza kwamba uti wa mgongo una kitu kama lango. Uchungu haupiti moja kwa moja kwenda kwa ubongo. Unaweza kupunguzwa pale langoni na ujumbe mwingine. Wewe mwenyewe unajua hii. Ukigonga kiwiko kwa meza, unafanya nini? Unasugua. Kusugua hakuondoi jeraha, ila kunajaza laini na habari nyingine.

Halafu kuna ubongo wenyewe. Sehemu ya chini ya ubongo inaweza kutuma amri kurudi chini kwenye uti wa mgongo: punguza hiyo kelele. Ndio maana mchezaji anaweza kuvunjika kidole na asijue mpaka mechi iishe.

Lakini ni nini kinatuma hiyo amri? Hapa kuna daktari mmoja wa Beijing anaitwa Han Jisheng. Kuanzia 1965 alipewa kazi ya kutafuta sayansi ya hizi sindano. Aliwapima vijana waliojitolea, akaona uvumilivu wa uchungu haupandi ghafla kama taa. Unapanda polepole, unafika kilele baada ya kama dakika 30, na sindano ikitolewa unashuka polepole pia. Hii ilimwambia kuna kemikali inajikusanya mahali. Baadaye timu yake ikachukua sungura aliyewekwa sindano, ikatoa umajimaji wa ubongo wake na kuuweka kwa sungura mwingine ambaye hakuguswa. Yule wa pili naye akaanza kuvumilia uchungu.

Soma hiyo sentensi tena. Sungura wa pili hakuwa na Mao, hakuwa na imani, hakuwa ameona video yoyote.

Ni kemikali gani? Jibu lilipatikana Aberdeen, Uskoti, 1975. Watafiti Hughes na Kosterlitz walikuta kwenye ubongo wa nguruwe kemikali inayofanya kazi kama mofini. Wakaiita enkefalini. Baadaye ndugu zake wakapatikana, endofini na dainofini. Mwili wako una mofini yake, msee. Unaitengeneza mwenyewe.

Mwaka wa 1977 watafiti wa Marekani wakawaumiza watu meno kidogo (kwa hiari yao), wakawaweka sindano ya Hegu, uchungu ukapungua. Halafu wakawapa naloksoni, ile dawa ya kuzuia mofini, ambayo leo inaokoa watu waliozidisha mihadarati. Nafuu ikapotea. Baadaye Han akaonyesha kwamba sindano ikiunganishwa na umeme mdogo, mapigo 2 kwa sekunde yanaamsha zaidi enkefalini na endofini, na mapigo 100 kwa sekunde yanaamsha dainofini. Yaani neva zinasikia mdundo.

Lakini ngoja kabla hujamtumia anti hii aya peke yake. Mwaka wa 1978 watafiti wengine walikuta kwamba hata mtu aliyepewa dawa feki baada ya kung'olewa jino, akaamini ni dawa, nafuu yake inaweza kuzuiwa na naloksoni. Kwa hivyo matumaini pia yanafungua hilo duka la mofini ya mwili. Na uchunguzi mwingi wa baadaye, ambao ulilinganisha sindano za mahali panapofaa na sindano za mahali popote, ulikuta tofauti yao ni ndogo. Kwa hivyo sehemu ya kazi inafanywa na neva zilizochokonolewa, na sehemu inafanywa na mtu kuamini anasaidiwa. Zote mbili ni mambo ya ubongo. Zote mbili ni za kweli.

Sasa mbona tusipasuliwe hivyo?

Kwa sababu kupunguza sauti ya redio na kuizima ni vitu viwili.

Upasuaji unataka mambo matatu kwa pamoja. Usisikie uchungu. Misuli ilegee ndio daktari aweze kufikia ndani. Na mwili usipigane: moyo usiruke, tumbo lisijikunje, usitapike viungo vya ndani vikivutwa. Nusukaputi ya dawa inafanya hayo yote, na juu yake inakuondoa kwa chumba, hukumbuki.

Sindano inafanya sehemu ya la kwanza peke yake. Madaktari wa China wenyewe waliorodhesha vikwazo vitatu ambavyo hawakuwahi kuvivuka: uchungu hauishi kabisa, misuli hailegei, na viungo vya tumbo vikivutwa mgonjwa anasikia vibaya sana. Endofini inashughulika na habari ya uchungu. Haiwezi kuambia msuli wa tumbo ulegee. Hiyo ni idara nyingine ya neva.

Sasa rudi kwa ile video. Mbona ni shingo? Mbona si tumbo? Kwa sababu shingo ndipo ilipofanya vizuri zaidi. Hakuna ukuta mnene wa misuli, hakuna matumbo ya kuvutwa. Tena kwa goita ilikuwa na faida moja ya maana: mgonjwa akiwa macho anaweza kuongea, na daktari anajua hajagusa neva ya sauti inayopita pale nyuma ya tezi. Kwa hivyo hakuna haja ya kusema ile klipu ni ya kuigiza. Inaweza kuwa ya kweli kabisa. Shida ni yale hayaonekani ndani ya fremu.

Yaliyokuwa nje ya fremu

Daktari Mmarekani, John Bonica, bingwa wa mambo ya uchungu, alienda China 1973 akaangalia kwa makini. Alikuta njia hiyo inatumika kwa sehemu ndogo tu ya upasuaji, si kwa kila mtu kama ilivyotangazwa. Wagonjwa walichaguliwa: watulivu, waliokubali, wenye ugonjwa unaofaa. Walitayarishwa kabla, wakafundishwa kupumua. Na wengi walipewa dawa pia. Ya kutuliza kabla, ya uchungu katikati, na ya ganzi pale kisu kinapopita. Mambo yakienda mrama, nusukaputi ya kawaida ilikuwa karibu.

Hapo kuna kitu kilinikaa vibaya. Fikiria wewe ni mfanyakazi wa kiwanda Shanghai 1969. Umelala mezani, wageni wanapiga picha, ukutani kuna picha ya Mwenyekiti. Umeambiwa sindano hii ni ushindi wa taifa. Unaumwa. Utapiga nduru?

Wengine walisaidika kweli, sina shaka, neva zao zilifanya kazi. Lakini wengine walivumilia tu, na uvumilivu wao ukahesabiwa kama ushindi. Mao alifariki 1976, enzi zikabadilika, na madaktari wa China wenyewe wakaanza kusema waziwazi kwamba hesabu zilitiwa chumvi. Hospitali nyingi zikaiacha kimyakimya. Hakuna aliyepiga marufuku. Wagonjwa walipopata nafasi ya kuchagua bila kuogopa, wakachagua kulala.

Na mchezo wa fremu haukuisha. Mwaka wa 2006 BBC ilionyesha mwanamke akifanyiwa upasuaji wa moyo Shanghai akiwa macho na sindano mwilini. Watu wakabaki mdomo wazi. Baadaye ikajadiliwa sana kwamba alikuwa amepewa pia midazolamu, droperidoli na fentanili, pamoja na ganzi ya kutosha kifuani. Fentanili, watu wangu. Hiyo ina nguvu mara nyingi kuliko mofini.

Leo China haijatupa sindano, imeziweka mahali pake. Katika hospitali kadhaa zinatumika pamoja na dawa, kwa nia ya kupunguza kiasi cha dawa mgonjwa anahitaji. Na kuna sehemu moja ya ndani ya mkono, upana wa vidole vitatu kutoka kwa kifundo, ambayo ushahidi wake ni mzuri kiasi: ikichokonolewa inapunguza kichefuchefu baada ya upasuaji. Si maajabu ya video, lakini ni msaada.

Nilichomwambia mathe

Nilimweleza yote haya, kwa maneno yetu ya nyumbani. Kwamba sindano si uchawi na si uongo. Inaongea na neva, na neva zinajibu, lakini zinajibu kwa sauti ya chini. Kwamba yule mwanamke wa chungwa huenda alipewa vitu ambavyo kamera haikuonyesha. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hivyo hao pia walidungwa?" Nikamwambia wengi wao, ndio.

Hapo ndipo tulienda kuongea na daktari wa nusukaputi. Si wa upasuaji, wa nusukaputi. Mathe hakuwa anajua kuna daktari ambaye kazi yake ni kukaa hapo kichwani pako mwanzo hadi mwisho akiangalia pumzi na moyo. Alidhani unadungwa halafu mtu anaenda chai. Daktari alimwambia, "Mama, goita yako iko karibu na bomba la hewa. Nikikulaza na kuweka mpira wangu, mimi ndiye nalinda hiyo njia ya hewa. Ukiwa macho na ukaogopa katikati, hapo ndipo mimi nitaogopa." Mathe akacheka, mara ya kwanza kwa hiyo stori yote. Akamuuliza pia kuhusu sindano ya kichefuchefu. Daktari alikuwa anaijua.

Alipasuliwa wiki tatu zilizopita. Aliamka. Sauti ilikuwa kama ya mtu ana homa kwa siku kadhaa, sasa imerudi, na nimeshagombezwa nayo mara mbili.

Sijamkasirikia anti. Alituma kwa upendo, alitaka kumtoa dadake woga. Lakini karibu tuongeze miezi mingine minne kwa sababu ya kipande cha chungwa.

Kwa hivyo ukitumiwa video ya mwili unaofanya maajabu, jiulize vitu vitatu kabla ya kubonyeza kutuma. Ni nini hakiko kwa fremu? Nani alifaidika mgonjwa akitabasamu? Na kuna mtu kwenye hili kundi anaogopa kitu, ambaye ataisoma kama ruhusa ya kutoenda hospitali?

Kama uko na mzazi anaahirisha upasuaji sababu ya nusukaputi, usibishane naye kwa simu. Mpeleke akaongee na yule daktari wa kukaa kichwani. Mwambie aulize maswali yote, hata yale ya aibu. Na kama umepitia hii kitu na mtu wako, niandikie hapa chini ilikuwaje. Nitasoma zote.